Shali Nne za Bi Ratiba

Jumanne tarehe 4 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mfumaji mmoja wa miaka hamsini na mbili alitia sahihi fomu ya maonyesho ya kazi za mikono, na kwenye mstari wa saba akaandika kwa wino wa bluu kwamba angeleta shali kumi na mbili, zote zimefumwa kwa mkono wake mwenyewe. Fomu hiyo ipo. Imo kwenye jalada la waandaaji, na karani anayelitunza humwonyesha yeyote anayeuliza.

Wenzake katika kikundi cha wafumaji walimwita Bi Ratiba, na jina hilo lilimkaa vizuri. Ukutani kwake, juu ya mtambo wa kufumia, palibandikwa karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi, zenye mistari ya rangi: nyekundu kwa kutanda nyuzi, kijani kwa kufuma, njano kwa kumalizia, nyeupe kwa siku za akiba. Mgeni akiingia chumbani humo aliiona ratiba kabla hajaiona kazi. Wafumaji wengine walikuwa wakimaliza shali wakati wa kumaliza ulipofika. Yeye alijua Jumatano kwamba angemaliza Ijumaa saa tisa, na mara nyingi alimaliza saa tisa kasorobo.

Ndiyo maana kikundi, kilichokuwa na watu kumi na wawili, kilimwomba awape somo. Alhamisi tarehe 27 Februari alisimama mbele ya ubao akiwa na chaki na kuwafundisha jinsi mfumaji anavyopanga muda. Waandaaji walitaka kila mshiriki alete shali zisizopungua kumi na mbili. Shali moja, alisema, inakula saa kumi na sita. Kila mtu ahesabu saa zake kwa siku, agawanye, ajione.

"Tuchukue mfano," alisema, na macho yake yakaangukia mstari wa mbele. "Wifi, simama."

Wifi yake akasimama huku akicheka. Huyu ni dada wa mume wake, mdogo kwake kwa miaka mitatu. Wote wawili walifundishwa kufuma na mwanamke mmoja, aliyekuwa mama wa mmoja na mama mkwe wa mwingine. Asubuhi wifi alipiga pasi mashuka kwa dobi, alasiri alifuma.

"Kazini unatoka saa ngapi?"

"Saa saba. Saa nane nimeshakula, nimeshalala kidogo, nimeshaota."

Watu wakacheka.

"Saa kumi na mbili giza limeingia. Hizo ni saa nne." Chaki ikagonga ubao. "Shali kumi na mbili mara saa kumi na sita ni mia moja tisini na mbili. Gawa kwa nne. Siku arobaini na nane. Nasi tukijiandikisha Jumanne tunabaki na siku thelathini na nane."

"Kwa hiyo nimekufa," alisema wifi.

"Hujafa. Huna muda tu."

"Haya. Nimesikia, mwalimu." Akaketi, bado anacheka, na fomu aliyokuwa ameikunja ndani ya pochi akaitumia kujipepea. Hakuijaza. Bi Ratiba aliliona hilo na akaridhika kwamba somo lilikuwa limeeleweka.

Ratiba yake mwenyewe ilikuwa safi. Siku tatu za kutanda, ishirini na nne za kufuma, sita za kumalizia, tano za akiba. Ili kuokoa muda aliamua kutanda mtande mmoja mrefu wa shali zote: nyuzi mia tatu sitini, kila mmoja mita thelathini na moja. Mfumaji yeyote mzoefu angefanya hivyo. Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda kama zilivyoandikwa.

Siku ya tatu ni ya kuuviringisha mtande kwenye gogo la nyuma la mtambo, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anazungusha gogo, mwingine anazishika nyuzi kwa mbali na kuzivuta zikaze zote sawa, kama mtu aliyeshika hatamu za punda mkaidi. Aliyeshika daima alikuwa wifi. Saa sita na nusu ukaja ujumbe wa simu: "Tumeletewa mashuka mia mbili. Leo siwezi. Kesho saa nane niko hapo, wifi."

Mume wake, fundi bomba, alikuwa akifunga mkoba wake wa spana.

"Si ungoje kesho tu?" alisema.

"Ratiba inasema leo."

"Ratiba ameiandika nani?"

"Mimi."

"Basi mwambie aliyeiandika aifute."

"Nenda kazini, baba. Bomba za watu zinavuja."

Siku za akiba zilikuwa tano, na hakutaka kugusa hata moja siku ya tatu. Lingekuwa doa kwenye karatasi. Basi mume alipoondoka aliugawa mtande mafungu mawili, akafunga kila fungu kwenye dumu la maji la lita ishirini, akayapanga madumu sakafuni, naye akaenda nyuma ya mtambo kuzungusha gogo. Madumu yakamfuata polepole, yakikwaruza saruji. La kushoto lilinasa kwenye ukingo wa mkeka, likajinasua, likanasa tena. Alisikia. Alikuwa na miaka thelathini ya kufuma, na masikio yake yalimwambia kwamba upande mmoja unakaza kuliko mwingine. Aliendelea kuzungusha. Saa kumi na moja jioni mtande ulikuwa mtamboni, akatia alama ya vema kwenye mstari mwekundu.

Shali tatu za kwanza zilitoka salama, kwa kuwa kosa la kuviringisha halijitokezi juu. Hujificha chini, kwenye mizunguko ya ndani. Katikati ya shali ya nne nyuzi za kulia zikaanza kulegea. Kipisha, kile kijiti cha kupitishia uzi wa kukingama, kilipopita kilizikwaa, zikakatika mbili, kisha tano. Pindo likafanya mawimbi kama ukingo wa kaptula iliyofuliwa vibaya. Alifunga vijiwe kwenye nyuzi zilizolegea ili zivutike. Akaunga zilizokatika. Siku mbili za shali ya nne zikawa sita. Kisha akaukata mtande, akauviringua wote ili auviringishe upya, mume wake akishika. Na mume, mwenye mikono ya kukaza mabomba, akavuta mpaka nyuzi zikajisokota kama nywele zilizonyeshewa mvua. Siku saba nyingine zilipita akikaa sakafuni akifumua mafundo kwa sindano. Mwishowe aliukata wote akautia gunia.

Maji yalikuwa yamezidi unga. Ilikuwa Ijumaa tarehe 28 Machi. Alikaa mbele ya ratiba yake na kuhesabu: mtande mpya siku tatu, kumalizia siku sita, kufuma siku sita tu, na hata akibana siku zake angetoa shali nne. Pamoja na zile nne za mwanzo ni nane. Zilipungua nne.

Njia ya kweli ilikuwepo, na haikuwa ndefu. Angeweza kumpigia karani na kusema nimeshindwa. Aliufikiria ule ubao, na wale watu waliocheka, na mganga anayeulizwa mbona mwenyewe anakohoa. Akavaa viatu akaenda kwa wifi.

Alimkuta uani anaanua nguo.

"Wifi, nina mteja," alisema, akiwa bado mlangoni. "Anataka shali nne. Kijivu, mstari mmoja wa kahawia kila upande. Anazitaka kabla ya tarehe tisa."

"Haraka ya nini? Amekalia siafu?"

"Ndivyo walivyo wateja."

"Na za maonyesho?"

"Zinaendelea."

Wifi alimtazama juu ya shuka lililokuwa mikononi mwake, na kwa nukta moja Bi Ratiba alidhani ameshajulikana. Lakini wifi alikuwa akitafuta kibanio.

"Mtande ninao," wifi alisema. "Ule nilioutanda Februari, nikidhani nitajiandikisha. Sikuukata. Niliuonea huruma. Ni kijivu hichohicho, pamba ya gunia moja na yako. Lete uzi wa kahawia tu."

Bi Ratiba alirudi nyumbani akipita njia ya nyuma, ingawa hapakuwa na mtu wa kumkwepa.

Jumanne tarehe 8 Aprili wifi alileta furushi. Shali nne, zimefuliwa, zimekaushwa, zimepigwa pasi ya dobi, matamvua yamesokotwa yote kwa urefu mmoja. "Mwambie mteja wako akipenda anipigie makofi," alisema, akanywa maji, akaenda zake.

Bi Ratiba alizitandaza kitandani. Alitafuta kosa, na aliona haya kwamba alikuwa akilitafuta. Halikuwepo. Mapindo yalinyooka kama yamepigwa rula. Ndipo, kwa mazoea, akahesabu. Siku kumi na moja, saa nne kila siku, ni saa arobaini na nne. Kwa shali nne, saa kumi na moja kila moja, pamoja na kumalizia. Akaenda mbele zaidi, na angetamani asingekwenda. Shali kumi na mbili kwa saa kumi na moja ni saa mia moja thelathini na mbili. Gawa kwa nne. Siku thelathini na tatu. Mtande ulikuwa tayari mtamboni. Wifi angemaliza na siku tano zimebaki.

Pale ubaoni alikuwa ametumia saa kumi na sita kwa sababu hizo zilikuwa saa zake yeye. Hakumuuliza wifi zake ni ngapi.

Alichukua sindano na uzi, akashona kwenye pembe ya kila shali kile kitambaa kidogo chenye jina lake. Alishona vizuri. Mume wake alipita mlangoni, akaziona shali, akamwona mkewe, akasema, "Hizi si za dada?" Bi Ratiba akatunga uzi upya. Akasimama kidogo, akaenda kuosha mikono ambayo ilikuwa safi.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi tarehe 12 katika ukumbi mrefu wenye mapaa ya bati na meza zilizofunikwa shuka jeupe. Mwamuzi wa nguo alikuwa mwalimu mstaafu wa ufumaji, mzee mwembamba anayevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Alifika kwenye meza ya Bi Ratiba kabla ya saa sita. Hakutazama shali. Alizipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, moja baada ya nyingine, huku macho yake yakiwa usoni mwa mfumaji, na bila kusema neno akazigawa mafungu mawili. Nane upande huu. Nne upande ule.

"Hizi nne," alisema kwa upole, "ulizifuma ukiwa umetulia, sivyo?"

Ulikuwa mlango wazi wa kusema kweli. Angeweza kuutokea. Badala yake aliufunga.

"Ndiyo, mwalimu. Hizo nilizifuma bila haraka."

"Inaonekana. Zile nyingine umezigonga kama unayefukuzwa." Akachukua moja ya zile nne, akaifungia kwa uzi utepe mwekundu wa kazi bora ya ufumaji, akampa mkono. Watu wa meza za jirani wakapiga makofi. Mfinyanzi wa meza ya kulia, mama mnene mwenye udongo kwenye kucha, akapiga kigelegele. Bi Ratiba alitabasamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakujua uso wake ungefanya nini tabasamu likitoka.

Alikuwa amemwambia wifi asijisumbue kuja. Joto, msongamano, kiti cha kukalia hakuna. Jumapili saa tano wifi akaja, amevaa gauni lake la kutokea, na mwenzake mmoja wa kupiga pasi.

"Wifi! Umekuja?"

"Nimekuja kukuona unang'ara. Au ni dhambi?"

Kisha akauona utepe, na chini ya utepe akaiona shali. Mtu huijua kazi ya mkono wake kama mama anavyomjua mwanawe kwa kisogo. Aliinua pembe, akakisoma kile kitambaa kidogo. Akainua pembe ya pili, na ya tatu, na ya nne, akakisoma kila mara kama vile kingeweza kubadilika.

"Mteja wako," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "mbona hajaja kuchukua mzigo wake?"

Bi Ratiba alianza kunyoosha shuka la meza. 

Mwenzake wifi hakusikia. Alikuwa ameiweka shali shavuni. "Jamani, hii laini! Imefumwa na nani hii?"

"Imefumwa na mtu asiye na muda," alisema wifi. "Twende tukaone vyungu."

Akamshika mwenzake mkono, wakaenda. Hakugeuka. Hakupaza sauti. Kama angegombana, Bi Ratiba angejua la kufanya. Utani wao wa miaka thelathini ulikuwa umejaa ugomvi. Kuondoka kwa adabu hakukuwamo.

Akaja mgeni, kijana mtanashati mwenye daftari, akauliza ile shali yenye utepe ilichukua siku ngapi kufumwa. Ni swali alilokuwa amelijibu Jumamosi mara kumi na tano. Alisema, "Samahani, mwanangu," akakata uzi wa utepe kwa meno, akauchukua mkononi akaenda kwenye meza ya waandaaji.

Walikuwepo mwamuzi na karani. Alisema kweli yote kwa sentensi tatu, akiwa amesimama, kwa kuwa alihofia kwamba akiketi angeanza kujitetea.

Mwamuzi alivua miwani ya puani. "Nilikuuliza jana, mama."

"Uliniuliza, mwalimu."

"Na ukanijibu."

"Nilikujibu."

Mzee akafuta miwani kwa pindo la shati. Bi Ratiba angependelea apige meza.

"Basi andikeni jina la wifi yangu," alisema Bi Ratiba. "Utepe ni wake. Mpeni."

"Kwenye fomu gani, mama?" aliuliza karani. Hakuuliza kwa ubaya. "Hana fomu. Asiyejiandikisha hapewi."

"Hakujiandikisha kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemwambia hana muda."

Karani alimtazama mwamuzi, mwamuzi akatazama kalamu. Kanuni haikuwa na mstari wa jambo hilo. Utepe ulirudishwa kwenye boksi, meza ikaagizwa ifungwe, na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa maonyesho mawili yajayo. Ukweli ulikuwa umesemwa, na haukumpa wifi chochote. Swali moja tu, siku ile ya ubao, lingeweza kumpa meza yake. Hilo alilielewa akiwa bado amesimama pale.

Alizikunja shali mbele za watu. Mfinyanzi alimsaidia kushika ncha.

"Umeuza zote, shoga? Mbona mapema?"

"Sijauza. Nimefukuzwa."

Mfinyanzi akacheka, akidhani ni mzaha; kisha akaacha kucheka, akaendelea kushika ncha.

Jumatatu saa nane mchana alibisha hodi kwa wifi, akiwa na zile shali nne, vitambaa vya jina vimeshafumuliwa. Wifi alikuwa jikoni anachambua maharage.

"Kaa. Usisimame kama askari."

Akakaa. Akaweka furushi mezani.

"Za nini hizi? Baridi iko wapi?"

"Ni zako."

"Najua ni zangu. Nimeuliza za nini." Wifi aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa dirishani. "Ungekuja ukasema, wifi, nimekwama, nifumie za maonyesho, ningekufumia. Nami ningenyamaza mpaka kaburini. Unanijua."

"Nakujua."

"Basi usidhani nimeumia kwa shali. Shali nitafuma nyingine kesho. Ulinisimamisha mbele ya watu, ukanihesabia maisha yangu kwa chaki, nami nikacheka kama juha. Nikaenda nyumbani nikijiona mvivu. Wiki nzima nilikuwa nikiutazama ule mtande nikiona aibu. Mimi! Naona aibu ya mtande!"

"Nilihesabu kwa mkono wangu," alisema Bi Ratiba.

"Na wangu hukuuliza."

Maharage yaliendelea kuanguka sufuriani moja moja.

"Nisamehe, wifi."

"Hapa?" Wifi aliinua macho. "Hapa jikoni yuko nani? Kuna paka, naye hakuwepo. Walionisikia nikiambiwa sina muda ni watu kumi. Kawaambie hao. Halafu uje tuongee."

"Utakuwepo?"

"Sitakuwepo. Nikiwepo utaniangalia mimi, utalia, watakuhurumia, na mambo yatakwisha kwa kukumbatiana. Sitaki kukumbatiwa." Akasukuma nusu ya maharage upande wa pili wa meza. "Chambua hayo. Umeshakaa, usikae bure."

Bi Ratiba alichambua. Zile shali alirudi nazo nyumbani, kwa kuwa wifi alikataa kuzipokea kabla ya jambo lile kusemwa.

Kikundi kinakutana Alhamisi tarehe 17 Aprili, saa tisa alasiri. Bi Ratiba ameomba azungumze wa kwanza, na katibu amekubali bila kujua habari yenyewe ni nini. Wifi atakuwa nyumbani, na jioni atawauliza wawili watatu kama limesemwa lote au nusu.